Chupa za Majongoo

Nilikuwa miongoni mwa wa mwanzo hapa Muscat kusomea majongoo ya pwani, wale viumbe laini wa chini ya bahari. Nilipostaafu, ofisi yetu ya utafiti ikasema haina nafasi ya kuyaweka yale niliyoyakusanya, basi nikayahamishia nyumbani Al Khoudh, kila moja ndani ya chupa ya spiriti, pamoja na kikaratasi cha penseli: limeokotwa wapi, siku gani. Bila ya kikaratasi hicho, jongoo ni nyama iliyokufa tu.

Nikalazwa wiki tatu kwa ajili ya goti. Niliporudi, rafu zinang'aa, na chupa zangu zimejaa achari ya ndimu.

"Dada, nshakusafishia," akasema kwa furaha mdogo wangu niliyemwachia nyumba. "Ile pombe nimeimwaga chooni. Nyumba inasaliwa hii!"

"Na vikaratasi?"

"Vile vilivyorowa? Nimevitupa pamoja na wale wadudu."

Nilitaka kupiga kelele, lakini nimpigie nani? Hata ofisi haijapata kuuliza. Na pwani nilikoyaokota zimeshafukiwa, zimejengwa hoteli.

Jioni wakaja jamaa kunipa pole ya goti, wakaisifu achari. Kwa mara ya kwanza, chupa zangu zilifunguliwa na watu waliotaka kilichomo.