Blanketi la Mama na Maji Yanayopanda

"Maji hayapandi, Mama Tobia! Tangu milima hii iumbwe maji yanashuka tu. Hata mtoto wa juzi analijua hilo."

"Ya huku yanashuka. Ya Pangani yanapanda, yanashuka, yanapanda tena, kama mtu aliyesahau kitu nyumbani."

"Na blanketi la mama yangu?"

"Si ndiyo yaliyolibeba!"

Paskali akakitupa kisu kwenye sufuria ya viazi. Mkewe Secilia, huyo Mama Tobia, alikuwa amesimama mlangoni, na siku hizi makao yake yalikuwa hapo mlangoni. Akimenya kiazi kimoja, anainuka. Akianza kupanga kuni, anaziacha njiani. Juzi alitumwa chumvi Lushoto, akapitiliza mpaka Irente kuchungulia nyika, eti labda kule mwisho ataiona bahari. Akarudi na macho mekundu na hana chumvi.

Lakini msimlaumu. Alizaliwa Kwai, akaolewa Kwai, na mguu wake ulikuwa haujavuka Mombo. Alichokijua ni kabichi, ng'ombe, na ukungu unaoingia ndani bila kupiga hodi. Ndipo kijiji chao cha ujamaa kikawapeleka akina mama Pangani kuwatembelea wenzao wa pwani. Lori lishuke na kabichi na viazi, lirudi na nazi na samaki wakavu. Alfajiri ile baridi ilikuwa ya kukata masikio, basi mama mkwe wake, Bibi Jenoveva, akamfunika blanketi lake la mistari myekundu, alilonunuliwa na marehemu mzee mwaka wa Uhuru.

"Nitazikwa nalo hili," akamwambia. "Lirudi."

Jamani, Pangani! Mtoni viboko wamejaa hata pantoni inaomba njia. Ndege heroe wamesimama kwa mguu mmoja, wa pili wameuweka akiba. Kaa anapita kwa ubavu kama mwanamume aliyekutana na mama mkwe wake njiani. Pweza ana mikono minane na hana hata jembe moja! Na samaki, ukitandika kanga tu wanarukia wenyewe. Secilia alikuwa amekaa ufukweni aliposikia wavuvi wanapiga kelele: kasa kanasa kwenye wavu wa jarife! Akakunja blanketi, akaliweka mchangani, akaligandamiza kwa jiwe kama afanyavyo mtoni kwao akienda kuoga. Akatimua mbio. Kasa mwenyewe mpana kama mlango wa kanisa, analia machozi kabisa, mpaka wavuvi wakamwonea huruma wakamwachia.

Aliporudi, mchanga haupo. Jiwe halipo. Maji yamekaa pale kama mwenye nyumba.

"Ungeniambia kiboko kalimeza, ningekuamini," Paskali akasema. "Kiboko ana mdomo. Maji yana mikono?"

"Nilitaka kusema kiboko! Lakini kweli ndiyo hiyo, nifanyeje? Hata mto wetu wa Soni ukifika kule, bahari inausukuma urudi ulikotoka. Nimeuona kwa macho yangu."

"Basi twende Mombo tukalipokee, linakuja lenyewe!" Akacheka, kisha akakumbuka kwamba amekasirika. "Umempa mtu, wewe. Umebadilisha na samaki."

"Nibadilishe blanketi la mkwe wangu kwa samaki? Mimi kichaa?"

"Kichaa ni nani, kama si anayemwambia mama limefuliwa, halijakauka? Wiki nzima blanketi halikauki?"

"Ni masika."

"Masika! Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, nawe umeyaanika ya kwako mpaka pwani. Sasa sikia. Jumamosi lori linashuka tena. Huendi. Mpaka blanketi la mama lionekane, mguu wako hautoki Kwai."

Secilia akashika mwimo wa mlango. Huko nje ukungu ulikuwa unapanda bondeni polepole, unajaa, unafunika mashamba, kisha unarudi nyuma.

"Mghosi, mume wangu," akasema taratibu, "nizuie chakula, nizuie nguo. Jumamosi usinizuie. Mama mwenyewe nitamwambia, nitapiga mago..."

Bibi Jenoveva alikuwa anaingia kwa mlango wa jikoni, hodi hakupiga, fimbo mkononi, kikapu cha viazi vitamu kichwani, kaniki imefungwa kwa safari.

"Shikamoo, mama," wakasema wote wawili, sauti zikagongana.

"Marahaba. Ukuta wenu ni wa udongo, na mimi masikio ninayo." Akakitua kikapu. "Jumamosi mwambieni dereva mimi nakaa mbele. Viboko siendi kuwatazama. Naenda kuyadai hayo maji blanketi langu. Na wewe, mke wa mwanangu, utanionyesha ulipoliweka."

"Lakini mama," Paskali akaanza, "na watoto je, watabaki na..."

Bibi akamtazama. Paskali akakiokota kisu chake, akaendelea kumenya viazi.