Mbaazi za Viwavi

Noeline Duncombe alishika jembe la pamba akiwa na miaka kumi na minne, na hapa Wee Waa, mji wetu wa pamba, hakuna aliyemfikia kwa palizi. Gugu lililokumbatia shina alilikata bila kuukwaruza mpamba. Alfajiri mabasi ya mashambani yalijaa watu wetu wa palizi, vicheko na matusi njia nzima, na kwa jembe hilo alilea watoto wanne.

Kisha ikaja ile mbegu ya pamba iliyotengenezwa maabara. Kiwavi akiutafuna mpamba wake, anakufa. Ukinyunyiza dawa ya magugu, kila kitu kinakauka, mpamba umesimama tu, hauna habari. Mabasi yakakoma. Hakuna mkulima hata mmoja aliyepita kusema asanteni. Miaka kumi na tano jambo hilo lilimchefua Noeline, wala hakulificha.

Januari hii bosi wake wa zamani, Garth, akasimamisha gari mlangoni.

"Shangazi, lile jembe bado unalo?"

Kazi! Noeline alikuwa na kofia kichwani kabla Garth hajamaliza kueleza.

Lilikuwa shamba la mbaazi kando ya pamba, limesongwa na magugu. Dawa ingeua na mbaazi, na mkaguzi wa mashamba alikuwa anakuja kesho yake. Noeline akapalilia safu mbili, mkono haujasahau kitu. Kwenye ya tatu akapasua ganda la mbaazi. Viwavi wanene wakajinyonganyonga kidoleni mwake.

"Garth! Wadudu watupu humu. Utamuuzia nani?"

"Haziuzwi, Shangazi. Ni chakula chao. Sheria inataka tufuge viwavi wasioizoea sumu ya pamba. Wakigeuka nondo, wale vipepeo wa usiku, wapandane na wale sugu wa kwenye pamba, watoto wao wafe kwa sumu. La sivyo mbegu itashindwa kazi."

"Kwa hiyo nawalimia viwavi."

"Sasa ukisema hivyo..."

"Viwavi wana shamba lao kisheria! Sisi mlipotutimua, mlitutengea hata safu moja?"



Kinyaa kilimshika Noeline. Alikuwa ameitaka kazi hii kuliko alivyokuwa tayari kukiri, na ndiyo hii. Akatema mate, akafuta kidole kwenye suruali mara tatu, akalitupa jembe miguuni pa Garth. Akaenda kukaa kivulini mwa gari na chupa yake ya chai.

Garth akaliokota. Pigo la kwanza likaondoka na gugu na mbaazi. La pili, mbaazi tupu.

"Taratibu, bosi!" Noeline akamwitia. "Utawaua wageni wako kwa njaa."

Garth alikuwa anavuja jasho. "Basi njoo unionyeshe, Shangazi."

"Nilikuonyesha miaka ishirini. Hukutazama."