Wimbo Uliofunika Hotuba

Jina la Fundi Chenga alipewa na wateja wake, wala hakulipenda. Chenga ni zile punje nyeupe zinazorukaruka kwenye kioo picha ya video inapogoma, na yeye, tangu enzi zake za kupiga picha za harusi, hakuwahi kutoa kanda isiyokuwa nazo. Hata hivyo mlangoni alibandika kibao: HAKUNA KINACHOPOTEA. Siku hizi kazi yake ni kuhamishia kanda za zamani kwenye kompyuta, nyingi zikiwa zile zile alizozipiga mwenyewe, zinamrudia zimeota ukungu. Mwingine angeona aibu. Yeye wenye kanda hizo aliwaita wateja wa kudumu.

Asubuhi moja waliingia watu watatu na kanda moja. Dada mtu ndiye aliyekuwa bibi harusi, miaka thelathini iliyopita. Kaka yake alikuwa na shati lililonyooshwa vizuri na simu mbili. Wa tatu alikuwa mjomba wao, ambaye familia ilimwachia neno la mwisho. Alipopata kiti tu, akaanza kusinzia.

"Fundi, nataka hotuba ya marehemu baba," dada akasema. "Alitamka mbele ya watu kwamba nyumba ni yangu. Huyu anataka kuiuza, mimi nihame."

"Baba hakutaja nyumba hata kwa bahati mbaya," kaka akadakia. "Nilikuwa meza ya mbele. Alishukuru wageni, akakaa."

"Ulikuwa meza ya mbele, macho kwenye sahani."

"Jamani, msigombane humu," Fundi Chenga akasema, kifua mbele. "Harusi hii niliipiga kwa mkono wangu. Kila kitu kimo."

Akafungua skrubu za kanda, akafuta ukungu kwa pamba na spiriti, polepole, kama daktari anayejua anatazamwa. Akaitumbukiza kwenye deki. Deki ikakoroma, chenga zikamwagika, kisha ukumbi ukatokea, na kinanda cha wimbo wa mapenzi kikaanza kulia.

Keki ilionyeshwa kwa muda mrefu. Kisha akaja msichana mmoja wa gauni la njano, akala dakika saba nzima: akinywa soda, akitengeneza nywele, akimkwepa mpiga picha.

"Huyu ni nani?" dada akauliza. "Mimi bibi harusi bado sijaonekana."

"Mgeni muhimu," Fundi Chenga akajibu, masikio yakipata moto.

Hatimaye baba akasimama. Akashika maiki, akafungua mdomo. Kikatoka kinanda.

"Ongeza sauti, fundi!"

Akaongeza. Kinanda kikazidi kulia.

Hapo Fundi Chenga akakumbuka, ikabidi aeleze. Zamani hizo ufundi ulikuwa kufuta sauti zote za ukumbini na kutandaza muziki mwanzo hadi mwisho. Kanda yenye kelele za watu ilionekana ya kimaskini.

"Na ile ya kwanza, kabla hujaweka wimbo?" dada akauliza.

"Hiyo nilirekodi juu yake harusi ya wiki iliyofuata."

Kwenye kioo, baba alitia mkono mfukoni, akatoa kitu, akamwelekezea binti yake. Pale pale kopa jekundu likachipuka katikati ya picha, likakua, likameza mikono ya wote wawili.

"Hilo kopa lilikuwa la kisasa sana wakati ule," Fundi Chenga akajitetea kwa sauti ndogo.

Kaka mtu akaangua kicheko cha mtu aliyevuliwa kiatu kinachobana.

"Pole, dada yangu. Hata sauti ingekuwepo, ingekusaidia nini? Ile ya nyumba mzee alikuwa anatania tu. Ukumbi mzima ulicheka!"

Mjomba akafumbua jicho moja.

"Ile ipi?"

"Ile ya... aah, mjomba, si hivyo."

"Asubuhi yote umetuambia hakutaja nyumba. Sasa aliitaja, ila kwa utani." Jicho la pili nalo likafumbuka. "Shemeji yangu yule nilimjua miaka arobaini. Hakuwahi kutania. Hata kucheka alicheka kwa ratiba. Nyumba ni ya dada yako, na usirudi kwangu na maneno mengine."

Kaka akaanza kusoma simu zote mbili kwa pamoja.

Fundi Chenga akaona nafasi yake. Akanyoosha kidole kuelekea kibaoni. "Si nilisema? Hakuna kinachopotea!"

"Wewe nyamaza," dada akasema. "Nyumba nimeipata kwa mdomo wa huyu mjinga. Sauti ya baba uliila wewe na kinanda chako."

Fundi Chenga hakuwa mtu wa kunyamaza muda mrefu. Alipomaliza kuhamisha, akachomoa flashi, akakata kipande cha karatasi, akakibandika juu yake na kuandika kwa mwandiko wa madoido: HARUSI. PICHA ANG'AVU, SAUTI SAFI.