Maziwa ya Mupagani

Kila nikinusa moshi wa majani makavu narudi Mushaki, uani kwa Mama Nyota, jirani yetu mfugaji, aliyefukiza vibuyu vyake kila asubuhi kabla ya kukamua. Maziwa yake yalikuwa na ladha ya moshi huo, nasi watoto wa wakulima wa maharagwe tuliyanywa yakiwa bado vuguvugu, povu limetukaa juu ya midomo. Alikuwa mjane mwenye ng'ombe wanne na kicheko kilichosikika hadi barabarani. Kanisani hakukanyaga. Mumewe alipofariki alinyimwa ibada ya maziko, eti hawakuwa wamefunga ndoa ya kanisa, basi akamzika mwenyewe nyuma ya nyumba na kuapa kwamba hataingia tena kanisani. Siku ya yenga, yaani Jumapili, sisi tulishuka kwenda kusali, viatu mkononi kwa sababu ya tope, naye tulimwacha anakamua. Mama alipomuuliza kama haoni haya, alicheka tu: "Ngombe haijuake yenga, mama."

Mwaka niliotimiza miaka kumi nilikuwa najiandaa kwa ubatizo. Nilitamani gauni jeupe, lakini zaidi ya gauni nilitamani sifa za Papa Katekista, mwalimu wetu wa dini, mtu mchoyo wa sifa kuliko wote niliowahi kuwajua. Siku moja alitufundisha neno "mupagani". Neno lenyewe lilinipendeza, nikawa nalirudiarudia kimoyomoyo. Kisha akauliza, "Nani anajua mupagani mu kijiji yetu?" Wenzangu wakainamisha vichwa. Mimi nikanyoosha mkono.

"Ni Mama Nyota," nikasema. "Nilimuona anamwanga maziwa ku kaburi ya bwana yake."

Kumwona nilimwona kweli. Asubuhi ile nilitumwa maziwa, nikamkuta nyuma ya nyumba akimwaga ndoo nzima, hatua chache kutoka kaburini. Nilipomuuliza kwa nini, alinijibu bila kuficha: "Hii hainywewake, mutoto yangu. Ngombe ilichomwa sindano, dawa ingali mu maziwa." Nilimwelewa vizuri kabisa. Lakini pale darasani habari ya sindano isingemshtua mtu, ya kaburi ingewashtua wote, nami nikachagua kaburi. Papa Katekista aliniwekea mkono kichwani mbele ya wenzangu. Nilirudi nyumbani nikitembea kwa maringo, na hadi leo maringo yale yananitia aibu.

Wiki haikuisha kabla neno halijaenea. Wanawake walisema maziwa yake ni ya kutambikia mizimu, na mama yangu naye akaacha kunituma huko. Vibuyu vilitoka kwake asubuhi vimejaa na kurudi vimejaa. Ukimwacha yeye mwenyewe, mtu mmoja tu kijijini alijua habari ya sindano, na mtu huyo nilikuwa mimi. Kila siku nilijiambia nitasema kesho. Kesho ikifika, gauni lilikuwa linashonwa, nami niliogopa jina langu lisije likafutwa kwenye orodha ya ubatizo.

Siku ya ubatizo wangu tulipotoka kanisani tulimkuta Mama Nyota mlangoni kwetu, amebeba kibuyu. "Mutoto akibatizwa anapashwa kunywa maziwa," alisema. Mama alikipokea kwa mikono miwili, akashukuru sana. Mgeni alipokata kona tu, mama akazunguka nyuma ya nyumba na kuyamwaga yote kwenye maharagwe. Nilisimama pale na gauni langu jeupe, nikiangalia udongo ukiyanywa. Baada ya mavuno Mama Nyota aliuza ng'ombe wake wote, akaenda kwa kaka yake Buleusa, huko msituni, kulima muhogo.

Leo mimi ni mwalimu Walikale, na maziwa yetu huku ni ya unga, hayana moshi wala povu. Mwaka jana kazi ilinipeleka Buleusa, nikauliza habari zake, nikaonyeshwa nyumba. Amezeeka, na viganja vyake vimekuwa vigumu kwa jembe. Nilianza kuomba radhi, naye akanikatisha. "Nilijuaka tangu siku ile. Katekista mwenyewe alikuja kuniambia ni wewe njo ulisema. Ulikuwa mutoto."

Nilihesabu moyoni, nikaona kwamba alipokuja na kibuyu mlangoni kwetu alikuwa tayari anajua. Nililia kama mtoto. Aliniletea muhogo wa kuchemsha, akaniacha nilie hadi nikamaliza, kisha akaniuliza kwa furaha, kama mtu aliyelisubiri jibu miaka mingi: "Na ile maziwa ya batisimu, ulikunywa?"

Yule msichana wa Mushaki alinyamaza kwa kuogopa kukosa gauni. Mimi ni mtu mzima, nafundisha watoto wa wenzangu kusema kweli, na siku ile sikuwa na gauni la kukosa.

"Ndiyo, mama," nikamwambia. "Nilikunywa yote."