Pijo ya Elikana

Elikana, jirani yangu hapa Mwanga, ana mdomo mkali. Akigombana na mtu wa bodaboda, mtaa mzima unatoka nje kusikiliza. Lakini mbele ya mama mkwe wake mdomo huo haufunguki. Kwao mkwe hajibizwi, wala hakaziwi macho.

Tangu mwaka juzi anaifufua Pijo kuukuu, gari ya marehemu baba yake. Ilikuwa imeliwa na kutu mpaka kuku wanatagia ndani. Aliikwangua kwa msasa, akachomelea vipande vya bati kwenye matundu, kisha akaipiga rangi ya krimu kama ya zamani.

Ndipo mama mkwe, Verediana, akahamia nyumbani kwa Elikana kutoka Ilagala, huko ziwani, na biashara yake ya samaki aina ya migebuka. Siku hiyohiyo akagundua kwamba bati la Pijo linapata moto kuliko mawe ya ufukweni. Akaanika samaki wake wa chumvi juu ya boneti. Maji ya chumvi yakachuruzika, rangi ikafura malengelenge.

Elikana akamtuma mkewe akaseme na mama yake kuhusu gari. Mke akarudi na jibu: "Mama anasema Mungu akubariki, sasa ana kichanja cha kuanikia."

Jana nilimkuta Elikana amesimama na msasa mkononi, amekasirika. Mama mkwe akatokea na beseni jipya. Boneti ilikuwa imejaa, na kwenye paa la gari mkono wa mama haufiki.

"Mwanangu," akaita.

Elikana akaweka msasa chini, akainamisha macho, akapokea beseni kwa mikono miwili, akamwanikia samaki paani.