Mwanamke Aliyeosha Mashine Karibu na Lusangi

Aïcha binti Radjabu alichukia uchafu tangu utoto, ingawa alizaliwa ndani yake. Baba yake alikuwa fundi wa baiskeli karibu na soko la Kasongo, na Aïcha alikulia pale chini, akifungua minyororo na kuziba pancha. Kila jioni alijisugua mikono kwa majivu na sabuni hadi ngozi ikamuwasha. Baba alipofariki, mume wa Aïcha alikuwa ameshakwenda Kindu na mwanamke mwingine. Alibaki na mama mgonjwa na karakana ambayo haikuwa na wateja tena, maana watu wengi walikuwa wamehamia kwenye pikipiki.

Akiwa na miaka thelathini na minne, alisikia kwamba kampuni moja ya dhahabu imeleta mashine kubwa ya kuchimba upande wa Lusangi na inatafuta wafanyakazi. Alipanda pikipiki, akasafiri siku nzima kwenye matope, akafika amechafuka hadi nywele.

Msimamizi wa kazi aliitwa Cirhuza, mtu wa Bukavu, mnene, mwenye buti nyeupe ambazo hazikukanyaga matope hata siku moja. Alimtazama Aïcha juu hadi chini huku akichokoa meno kwa kijiti.

"Mwanamke? Utaosha mashine. Kila siku wakimaliza kazi, unaosha. Nataka iangaze."

Kisha akatema mate, yakaanguka karibu na mguu wa Aïcha. Aliponisimulia haya nyumbani kwangu, aliniambia kwamba angeondoka palepale, kama si dawa za mama.

Aliyempokea vizuri ni Dominique, fundi wa mashine, mtu wa makamo mwenye sauti ya chini. Kabla ya kumpa brashi na ndoo, alimtembeza kuizunguka mashine ile ya manjano.

"Mama Aïcha, usioshe kitu chenye hujui jina yake," alisema. "Weye uko fundi wa kinga, hizi baiskeli baba yako alikufundisha. Hii nayo ina miguu, ina mwili, ina mikono. Tuanzie chini."

Alipiga teke chuma cha chini. "Hii njo miguu. Haiko na mipira. Iko na sheni mbili, minyororo kama ya kinga, lakini kila kipande ni bamba la chuma. Ndani kuna magurudumu madogo yanaibeba. Matope yakikauka mule, sheni inakatika. Kwa hiyo utaanza na hapa kila siku."

"Na hili duara?" Aïcha aliuliza, akionyesha mahali mwili wa juu ulipokalia miguu.

"Hapo ni kiuno. Miguu inasimama, mwili unazunguka. Huko nyuma ni ule uzito mukubwa. Haufanye kazi yoyote, unakaa tu. Lakini ukiutoa, mashine ikinyanyua udongo inaanguka kifudifudi."

Motori ilikuwa nyuma pia, chini ya kifuniko. Dominique alimweleza kwamba motori haivuti mkono kwa kamba wala kwa mnyororo. Inazungusha pampu, pampu inasukuma mafuta kwenye mirija minene ya mpira, na mafuta yanaingia kwenye verini, yale mabomba ya chuma yanayorefuka na kufupika kama pampu ya baiskeli. Verini ndizo zinazoinua mkono wa kwanza, ule mrefu uliopinda, kisha mkono wa pili, kisha gode, yaani lile beleshi kubwa la mbele.

"Na gode iko na meno matano," alimalizia. "Meno yanalika kama kisigino cha kiatu. Kila jino limeshikwa na musumari mumoja wa chuma. Musumari ukitoka, jino linabaki kwenye udongo. Basi hesabu meno kila ukiosha."

Aïcha alielewa yote kwa siku moja. Kuzoea kazi yenyewe kulimshinda miezi yote mitano aliyokaa pale.

Kila jioni mashine ilirudi kutoka mtoni ikinuka. Katikati ya mabamba ya sheni alikuta vyura waliosagwa, mizizi iliyooza, mavi ya mbuzi, na mara moja nusu ya nyoka ambayo bado ilikuwa inajikunja. Grisi ya kwenye maungio ya mikono ilikuwa imechanganyika na nywele na mchanga, nyeusi, yenye kunata, ikimwingia chini ya kucha isitoke. Madereva walikojolea sheni badala ya kutembea hadi vichakani, kisha wakamwita aje aoshe. Maji machafu yote yalirudi mtoni, na mto ule, ambao wanawake wa kijiji walikuwa wakichota maji yake ya kupikia, uligeuka rangi ya mchuzi wa mawese uliochacha. Watoto walipata vipele. Cirhuza alikunywa maji ya chupa.

Aïcha alikula mara moja kwa siku, asubuhi, kabla mikono haijashika chochote. Jioni chakula kilimkataa. Aliniambia, akikunja uso kana kwamba harufu ilikuwa hapo mezani kwangu, kwamba hata alipolala aliisikia puani.

Siku moja ya mvua, mashine ilirudi mapema kuliko kawaida, saa nane mchana. Haikutoka upande wa mto. Ilitoka upande wa kilima. Dereva alishuka bila salamu, akaenda moja kwa moja kunawa, akanawa kwa muda mrefu.

Aïcha alianza na miguu, kama alivyofundishwa. Udongo ulikuwa mwekundu, mkavu kwa ndani, si ule mweusi wa mtoni. Alipofika kwenye gode, alihesabu. Moja, mbili, tatu, nne. Pale pa jino la tano palikuwa na shimo tupu lililoshindiliwa udongo, na kwenye udongo ule kulining'inia kitambaa. Alikivuta. Kikatoka kirefu, cheupe kilichogeuka manjano, kikiwa na fundo mwishoni. Pamoja nacho kikatoka kitu kidogo chenye umbo la kidole.

Ameosha maiti, Aïcha. Alimwosha baba yake akisaidiana na wajomba kwa kumwaga maji. Analijua fundo la sanda. Aliangusha brashi, akatapika hadi tumbo likabaki halina kitu, kisha akaendelea kutapika.

Cirhuza alikuwa chini ya hema akila paja la kuku. Alisikia, akaja polepole, paja mkononi.

"Nini tena?"

"Patron, hii ni sanda. Na huu ni mufupa wa mutu."

Cirhuza aliinama, akatazama, akameza alichokuwa akitafuna. Mafuta ya kuku yalimng'aa mdomoni.

"Ni matambara," alisema. "Udongo una matambara mengi. Osha."

"Mumechimba makaburi?"

"Nimesema osha! Haiko mambo yako. Ukimaliza, Dominique atie jino jipya."

Kisha akatupa mfupa wa kuku chini, palepale, karibu na ule mwingine. Aïcha anasema hadi leo haelewi mtu anawezaje. Mimi pia sielewi.

Hakuosha. Alivua kilemba chake, akakusanya kile kitambaa na kile kipande cha mfupa, akavifunga. Dominique alisimama kando na jino jipya mkononi, macho chini.

"Papa Domi, nawe ulijua?"

"Waliniambia leo asubuhi tu kwamba wanapima kilima," alijibu. "Mama, niko na watoto sita."

"Na wale wa kwenye kilima hawakuwa na watoto?"

Dominique aligeukia gode. Alianza kugonga msumari wa jino jipya.

Kijiji kilikuwa dakika ishirini kwa mguu. Aïcha alikwenda moja kwa moja kwa mzee Alimasi, aliyekuwa akisalisha msikitini, akamfungulia kilemba. Mzee hakulia. Aliuliza tu ni upande gani wa kilima. Alipoambiwa udongo ulikuwa mwekundu, alikaa chini. Upande ule wa udongo mwekundu ndiko alikomzika mke wake, miezi minane iliyopita.

Walipanda kilimani wakiwa watu wapatao thelathini, Waislamu na Wakristo, kwa sababu makaburi yalikuwa ya wote. Mvua ilikuwa imefuta alama za sheni. Makaburi tisa yalikuwa yamefunguliwa na kufukiwa tena ovyo, misalaba imevunjwa na kusukumiwa bondeni. Nzi walikuwa wengi. Wanaume wengine walirudi nyuma wakiziba pua. Aïcha, aliyekuwa ameshatapika yote, alipiga magoti kwenye udongo laini akaanza kupapasa kwa mikono. Watu walidhani anatafuta mifupa. Alikuwa anatafuta chuma, na alikipata kwenye kaburi la saba, kizito, kimelika upande mmoja. Lilikuwa jino la gode.

Siku ya tatu walikuja watu wawili kutoka ofisi ya teritwari, yaani ya wilaya, wakaketi na shefu wa lokalite, mkuu wa kijiji, mbele ya kanisa. Cirhuza alikuja na buti zake nyeupe. Alizungumza vizuri, kwa huzuni ya kujifanya, mkono kifuani.

"Wazazi wangu, nimeumia sana. Lakini mashine yangu ilikuwa imeharibika siku ile, haikutoka kambini. Hao ni wachimbaji wa mikono, wenye majembe na machepeo. Tunawajua. Hawaheshimu kitu."

Wachimbaji wachache waliokuwepo walianza kupiga kelele. Shefu akawanyamazisha. Ndipo Aïcha aliposimama.

"Shefu, naomba tuende kuona mashine."

Cirhuza alicheka. "Huyu ni mwosha mashine. Atatufundisha nini?"

"Nitafundisha kitu kidogo tu," Aïcha alisema.

Walikwenda wote. Mbele ya mashine, Aïcha aliwaeleza wale wakubwa kama Dominique alivyomweleza yeye, kwa maneno ya mtu anayeanza: hii ni mikono, hii ni gode, haya ni meno, meno hulika pamoja kwa sababu hufanya kazi pamoja. Kisha akawaambia waguse. Meno manne yalikuwa mafupi, yamelika upande wa kushoto. La tano lilikuwa jipya, lenye rangi ya dukani. Akatoa lile la kaburini, akaliweka kando ya yale manne. Lilikuwa na urefu uleule, na limelika upande uleule.

"Chepeo haina jino namna hii," alisema. Akamgeukia mtu wa ofisi. "Na mukitaka, muingie ndani ya kabine, pale dereva anakaa. Kuna saa inayohesabu kazi ya motori. Motori ikilala, nayo inalala. Papa Domi anaandika namba yake kila asubuhi na kila jioni."

Wote walimtazama Dominique. Watu wakaanza kunung'unika. Ndipo alipokwenda kwenye sanduku lake la vifaa, akaleta daftari lenye madoa ya mafuta, akampa mtu wa ofisi bila kumtazama Cirhuza. Siku ile mashine ilikuwa imefanya kazi saa sita.

"Nisamehe, mzee," Dominique alimwambia Alimasi. 

Ningependa kuandika kwamba haki ilitendeka. Mashine ilifungwa kwa majuma mawili. Mabaki yalizikwa upya, kila mmoja kwa dini yake pale ilipojulikana, na pale ambapo haikujulikana shehe na mchungaji waliomba wote wawili. Cirhuza alileta magunia ya mchele na katoni za sabuni, akataka apigwe picha akiyakabidhi. Wanawake waliyaacha barabarani yakanyeshewa hadi mchele ukaota kuvu na kunuka. Kisha asubuhi moja mashine iliwaka na kuondoka kwa sheni zake, ikivunja ukingo wa barabara, kwenda kuchimba mahali pengine. Cirhuza alisimama kando ya dereva. Hakuna aliyekamatwa.

Dominique aliacha kazi, akarudi kwao. Aïcha alirudi Kasongo na kukaa nyumbani karibu mwaka mmoja. Nyama yenye mfupa haijamwingia mdomoni tangu siku ile. Ukimpikia kuku, anainuka mezani bila kuaga, na watu wasiomjua humwona hana adabu.

Mwaka uliofuata kampuni nyingine ilianza kutengeneza barabara ya kwenda Wamaza, na ikatafuta mtu wa kuwafundisha wanaoanza kutunza mashine. Fundi mmoja alimkumbuka. Alikataa mara mbili, kisha akaenda, kwa sababu wagonjwa wa Wamaza walikuwa wakifia njiani juu ya pikipiki.

Nilikwenda kumwona kazini mwezi jana. Alikuwa na wanafunzi wanne chini ya mashine ya manjano kama ile. Mmoja wao, msichana anayeitwa Deborah, aliingiza mkono kwenye sheni, akatoa panya aliyeoza, akapiga kelele na kukimbia. Wenzake walicheka. Aïcha hakucheka. Alimfuata na ndoo ya maji, akammwagia mikononi taratibu, mara tatu, akampa sabuni yake mwenyewe.

"Mama, unazoea siku gani?" Deborah alimuuliza.

"Mimi sijazoea," Aïcha alijibu, akiwa ameziba pua kwa ncha ya kitenge. "Jikaushe, turudi. Tulikuwa tumefika kwenye kiuno."