Valvu Iliyoingia Ziwani

Bosi wetu alikuwa mwanajeshi mstaafu, na katika ofisi yetu ndogo ya kuchora mabomba, huko Mengo, tulimwita Afande. Kompyuta hakuipenda mpaka siku aliponiona nikiandika amri: unachagua pampu, unataja valvu, unaandika umbali, na valvu inakaa pale ulipoiambia.

"Kumbe inatii," alisema. "Nipishe hapo."

Tulikuwa tunachora kiwanda cha barafu cha mama mmoja wa Port Bell, kando ya ziwa. Valvu ya kufungulia maji ilitakiwa kukaa mita tatu kutoka kwenye pampu. Afande, aliyezoea milimita, akaandika elfu tatu. Mchoro ule ulihesabu kwa mita. Valvu ikatoweka. Nilipoipunguza picha hadi ramani yote ya ufuo ikaonekana, niliiona peke yake katikati ya maji, na bomba refu limeifuata.

"Iko wapi?"

"Ziwani, Afande."

Nilitaka kuifuta, lakini mama mwenye kiwanda alikuwa nyuma yetu na kikombe chake cha chai. Akavaa miwani, akasogea.

"Iacheni hapo," alisema. "Zangu zote zimeibwa. Huko nani atafika?"

"Na nani ataifungua, mama?"

"Nitanunua mtumbwi."

Nilidhani anatania. Afande alianza kumuuliza habari za injini. Mchana uleule tulikuwa Port Bell, sisi watatu, tukitazama maji. Askari wa zamu akatujia, akauliza tunatafuta nini.

"Valvu," Afande akajibu.

"Imezama?"

"Bado haijawekwa."

Askari naye akasimama kutazama. Viatu vyangu vilikuwa vimelowa, na nikajikuta namwelekeza kwa adabu kwamba si pale, ni mbele zaidi, kushoto.

Mawimbi ndiyo yaliyomgeuza mama. Alikumbuka hajui kuogelea. Tukaiweka valvu karibu na pampu, ndani ya kibanda cha chuma chenye kufuli. Ila mchoro wa ziwani hakuuachia. Aliubandika getini ili wezi wausome.

Wezi hawakurudi. Alikuja ofisini kwetu ofisa mmoja aliyeusoma mchoro ule, akadai kibali cha kupitisha bomba ziwani. Nilimweleza kwamba valvu ile haipo. Alinisikiliza hadi mwisho, akauliza kama hiyo isiyokuwepo nayo haina kibali.

"Kinashughulikiwa," Afande akamwambia, na ofisa akaondoka ameridhika kabisa.